Maji ya Tangi la Samaki Yakikusumbua: Soma Dalili Kabla ya Kununua Kichujio

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Hajati, jirani yangu hapa Kampala, ambaye wajukuu walimletea tangi la samaki wakati wa Idi.

"Mwanangu, samaki wote wako juu, wanapanua midomo kama watu wenye pumu. Nimeambiwa mjini kuna mashine ya kusafisha maji. Nimtume wa boda akainunue?"

"Asalaam aleikum, Hajati. Usimtume mtu bado. Umeme ulikatika usiku?"

"Waaleikum salaam. Ulikatika tangu saa tatu. Umerudi sasa hivi."

Mashine aliyotajiwa ilikuwa ya kuchuja maji ya kunywa. Angeinunua, akiba yake ingeisha, na samaki wangeendelea kufa vilevile. Mashine za namna ile zimetengenezwa kuua vijidudu ili binadamu asiharishe. Tangi la samaki linataka karibu kinyume chake: vijidudu wengi, wenye chakula na hewa. Zile zinazosukuma maji kwenye utando mwembamba humwaga lita kadhaa ili zikupe lita moja, na huondoa hata madini anayoyahitaji samaki. Vyungu vya udongo vya kuchujia vinavyotengenezwa hapahapa Uganda ni vizuri sana mezani, lakini hudondosha lita chache tu kwa saa.

Basi tuanze na dalili, duka baadaye. Shida nyingi zilizo hapa chini huisha bila kununua chochote.

Kabla hujaendelea, jua mambo manne. Tangi lako lina lita ngapi? Pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54, na ndilo nitakalolitumia kwenye mifano. Lilianza lini? Maji yalibadilishwa lini, na yalitoka wapi? Na umeme, ulikatika kwa muda gani? Kama una pesa kidogo ya kutumia leo, nunua karatasi za kupimia maji, uhakikishe zinapima amonia, ile taka yenye sumu itokayo kwa samaki, kwa sababu pakiti nyingi hazipimi.

Samaki wanatweta juu ya maji

Hii ndiyo dalili inayotisha kuliko zote, na ina sababu nne zinazofanana kwa mbali. Zitenganishe kwa kuuliza lini na nani.

Kama ni alfajiri, na samaki wote wamepanda kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo, ni hewa. Usiku mimea ya majini huacha kutoa oksijeni na kubaki inaitumia tu, na umeme ukikatika hakuna kinachotikisa uso wa maji. Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havitaji: Kampala iko karibu mita 1200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko maji ya joto lilelile kule Mombasa. Tangi lililojaa samaki ambalo kule lingevumilia, hapa halivumilii. Dawa ya haraka ni kikombe. Chota maji ya tangi, yamwage ndani ya tangi lenyewe kutoka urefu wa dhiraa moja, rudia kwa dakika kumi. Hajati aliwapanga wajukuu zamu, na kabla ya chai samaki walikuwa wameshuka.

Kama ni muda mfupi tu baada ya kubadilisha maji, ni klorini. Nitaifikia.

Kama ni mchana, hewa inabubujika vizuri, na bado wanatweta huku matamvua, yale wanayopumulia, yakiwa mekundu kama yameungua, shuku amonia. Samaki hutoa amonia hasa kupitia matamvua, na chakula kilichobaki chini huongeza nyingine. Usomapo karatasi ya kupimia, soma na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, pamoja. Kwenye joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na amonia yenye sumu chini ya 1 katika kila 100 ya amonia yote. Yakiwa na pH 8 inafika kama 5. Kipimo kilekile, hatari imepanda mara tisa hivi.

Na kama matamvua yamegeuka rangi ya kahawia, ni nitriti, sumu nyingine inayotokana na amonia. Nitriti huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, kwa hiyo samaki anakosa pumzi katikati ya mapovu. Ukiongeza pampu ya pili hapo utakuwa unampepea mtu aliyekabwa koo.

Kwa amonia na nitriti hatua ya kwanza ni moja: badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, acha kulisha siku mbili, pima tena kesho. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Kwa nitriti, chumvi ya kawaida isiyo na viungo, gramu 1 kwa lita, huwapunguzia samaki wengi makali wakati unasubiri.

Wamekufa baada ya kubadilishiwa maji

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Victoria, husafishwa na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka kwenye mitambo ya Ggaba na Katosi, na huwekwa klorini. Klorini hiyo ndiyo inayotukinga na kipindupindu, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Ila inaunguza matamvua na kuua bakteria wa kichujio.

Njia ya bure: jaza beseni pana au ndoo iliyo wazi, iache saa 24. Ukitia pampu ya hewa ndani, klorini hutoka mapema zaidi. Jerikani haifai kwa kazi hii, mdomo wake mdogo na gesi inabaki ndani. Watu wengi hukosea hapo, wanafunga na kifuniko kabisa halafu wanashangaa. Ukiwa na haraka, matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo yanafanya kazi papo hapo. Mengi yana sodiamu thaiosalfeti, chumvi ileile waliyotumia wapiga picha wa zamani kwenye chumba cha giza, na chupa ndogo hudumu miezi.

Usiende kuchota ziwani ukidhani maji ya asili ndiyo bora. Ukiingia majini pwani ya Ziwa Victoria unaweza kutoka na kichocho, na ndoo yako italeta konokono, chawa wa samaki na mwani ambao hukuwaalika.

Maji yamegeuka meupe kama maziwa

Tazama tangi lina umri gani. Kama ni la siku ya kwanza, ni vumbi la mchanga usiooshwa. Litatulia au utatoa mchanga uoshe. Kama ni la siku ya tatu hadi wiki ya pili, ni bakteria waliozaliana ghafla ndani ya maji kwa sababu hawajapata pa kukaa.

Hapa ndipo kichujio kinapoeleweka. Sponji iliyo ndani ya kichujio haisafishi maji kwa kukamata uchafu tu. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kuwa nyumba. Ndani ya vitundu vyake wanakaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia kwa kiasi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kijiji hicho huchukua wiki nne hadi sita kujengeka. Hakuna mashine ya bei yoyote inayofika na wakazi wake ndani ya boksi.

Kwa hiyo maji meupe ya tangi jipya hayahitaji kichujio kikubwa zaidi. Yanahitaji samaki wawili watatu badala ya kumi na watano, chakula kidogo ambacho kinakwisha ndani ya dakika mbili, na subira. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: omba kipande cha sponji chafu kutoka kwa mtu mwenye tangi zima, ukipandikize kwenye lako. Kisafirishe kikiwa na unyevu ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), kisikauke njiani. Mimi hutoa bure kwa yeyote anayekuja.

Onyo moja. Mafundi wa mtaani watakuambia utie shabu, kama mama zetu walivyotia kwenye mtungi wa maji ya kijijini ili tope lizame. Kwenye mtungi ni sawa. Kwenye tangi shabu huangusha pH, na kijiji chote kinayumba.

Umeme umerudi, maji yananuka yai viza

Nilikuwa na kichujio cha mkebe, kile kinachokaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Kilikuwa kizuri, kimya, na kilinigharimu nusu ya mshahara. Umeme ukakatika siku nzima na usiku wake. Uliporudi, kikaanza kuzunguka chenyewe, nami nikafurahi. Saa mbili baadaye nilikuwa nawatoa samaki kwa kijiko.

Sababu ni kwamba mkebe umefungwa. Maji yakisimama ndani, bakteria hutumia oksijeni iliyobaki ndani ya saa chache, wanakufa, wanaoza, na umeme ukirudi pampu humwaga uozo wote kwenye tangi. Ukiwa na mkebe, sheria ni kuuchomoa umeme unapokatika, na kabla ya kuuwasha tena, kuufungua, kumwaga maji yake nje na kusuuza sponji zake. Nani ataamka saa nane usiku kufanya hivyo?

Ndiyo maana, kwa nyumba nyingi za Uganda, nakushauri sponji ya hewa: kipande cha sponji chenye bomba katikati, mpira mwembamba, na pampu ndogo ya hewa. Sponji imekaa wazi ndani ya tangi, bakteria wake wanapata hewa kutoka kwenye maji yanayowazunguka hata pampu ikilala, na hustahimili kukatika kwa umeme kwa muda mrefu zaidi. Vilevile ndicho kichujio cha bei ya chini kuliko vyote dukani. Ni mara chache rahisi na bora hukutana mahali pamoja, ukiviona pamoja usiulize maswali mengi.

Kuna jambo moja la kuangalia. Umeme ukikatika, maji ya tangi yanaweza kurudi nyuma kupitia mpira wa hewa hadi kwenye pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi na zulia. Tundika pampu juu zaidi ya uso wa maji, au weka vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Mimi hufanya vyote viwili. Hajati alipigilia msumari ukutani.

Kama mtaa wenu hukatiwa mara kwa mara, tafuta pampu ya hewa inayotumia waya wa kuchajia simu. Inakula wati chache, hivyo pawabenki ya kawaida au betri ya sola ya taa za nyumbani inaivusha usiku.

Vile vichujio vya kuning'inizwa ukingoni mwa tangi viko katikati. Vinasafisha vizuri na ni rahisi kuvihudumia, lakini kabla ya kulipa mwombe muuzaji akiwashe dukani kikiwa na maji, akizime, asubiri dakika tano, akiwashe tena. Kisipovuta maji chenyewe, kiache hapohapo. Kitazunguka kikavu siku moja umeme utakaporudi ukiwa kazini, na mota itaungua.

Kichujio kinafanya kazi lakini uchafu unabaki

Kwanza, kimeoshwaje? Nimeona sponji zikisuguliwa kwa sabuni chini ya bomba hadi zikawa kama mpya. Huko ni kubomoa kijiji kizima, na wiki inayofuata utarudi kwenye ile sehemu ya matamvua mekundu. Sponji huminywa mara kadhaa ndani ya beseni lenye maji ya tangi lenyewe, yale unayotoa wakati wa kubadilisha. Ibaki na rangi ya kahawia. Ukiwa na sponji mbili, minya moja wiki hii, nyingine baada ya wiki mbili.

Pili, ukubwa. Kichujio kizungushe maji yote ya tangi mara nne hadi sita kwa saa. Tangi letu la lita 54 linahitaji kati ya lita 220 na 320 kwa saa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kikiwa kitupu, bila sponji wala urefu wa kupandisha maji, kwa hiyo chukua kinachozidi kidogo. Samaki wa dhahabu wanahitaji zaidi, maana ni wachafu kupita umbo lao. Na wale nkejje, samaki wadogo wa ziwani, ukifanikiwa kuwapata, wanapigana mno kuishi kwenye tangi dogo.

Tatu, kuna nini ndani? Vile vifuko vyeusi vya kaboni huondoa harufu, rangi na mabaki ya dawa, lakini haviondoi amonia, na huchoka baada ya wiki tatu au nne. Muuzaji angependa uvinunue kila mwezi. Usivinunue. Weka mahali pake sponji zaidi, au mawe ya volkano yenye matundu, kama yale ya Kisoro wanayojengea kuta. Yachemshe, yaoshe, yaweke. Ni nyumba ya bakteria isiyochakaa. Jiwe usilolijua lidondoshee siki kwanza. Likitoa povu lina chokaa, kama mawe ya Tororo na Hima yanayosagwa kuwa saruji, na litakupandishia pH.

Makaa ya sigiri si kaboni ya kichujio. Hayana vitundu vile, na majivu yake nayo hupandisha pH. Kuna rafiki yangu bado anabishana nami kuhusu hili, na bado ananunua samaki wapya.

Gharama ya umeme usiiogope kabla ya kuipiga hesabu. Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka mchana na usiku kwa siku 30 inakula uniti 2.16 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Mkebe wa wati 15 unakula 10.8. Zidisha kwa bei ya uniti inayotokea kwenye ujumbe wako wa simu. Usijaribu kubana matumizi kwa kuzima kichujio usiku, kwa sababu usiku ndio hewa inapopungua.

Maji ya kijani

Jua na chakula. Ondoa tangi dirishani, taa isizidi saa nane kwa siku, badilisha robo ya maji kila wiki. Kwa lita 54 ni jerikani moja ya lita 20 isiyojaa. Yasipotakata, funika tangi kwa blanketi siku tatu hadi nne ukiacha pampu ya hewa inafanya kazi. Taa ya mionzi ya kuua mwani ipo, nayo inafanya kazi kweli, lakini blanketi unalo tayari.

Maji ya kahawia

Kama yanafanana na chai na umeweka gogo, ni rangi ya mti. Haidhuru. Gogo likichemshwa na kulowekwa wiki mbili, rangi hiyo hupungua.

Kama maji yalitoka kisima cha pampu yakiwa safi, kisha baada ya saa kadhaa yakageuka rangi ya kutu, ni madini ya chuma, mara nyingi kutoka ardhini, mara nyingine kutoka kwenye mabomba yanayoliwa na kutu. Yabubujishe kwa pampu ya hewa ndani ya ndoo usiku kucha, yaache yatulie, uchote ya juu na kuyapitisha kwenye kitambaa kizito. Ukiyatia moja kwa moja, kutu itagandia kwenye matamvua na kuziba sponji.

Wenye matangi ya mvua wana maji laini kupita kiasi. Changanya nusu kwa nusu na ya bomba, la sivyo pH inaweza kuporomoka bila onyo. Na yale mabati yenye rangi mpya, acha mvua mbili tatu ziyaoshe kwanza.

Pampu inanguruma, mapovu yamepungua

Ondoa jiwe la mapovu mwisho wa mpira. Mapovu yakirudi kwa nguvu, jiwe limeziba: badilisha, ni kitu cha bei ndogo mno. Yasiporudi, fungua pampu kwa bisibisi ikiwa imechomolewa umeme. Ndani kuna kipande cha mpira laini kinachopiga kama moyo, nacho hupasuka baada ya mwaka mmoja au miwili. Uliza kipuri dukani kabla ya kununua pampu nyingine nzima.

Kama mapovu ni sawa na kelele tu ndiyo inayokukosesha usingizi, basi inatikisa ukuta au meza. Hajati alinipigia tena kwa hilo, safari hii saa nne usiku. Ameing'oa pampu kwenye msumari, ameiweka kwenye rafu juu ya tangi, chini yake kandambili moja kuukuu. Kelele imekwisha.